Siyo Mabaya Sana

Revocatus hakuingia dukani kwa Bi Yasmin kutafuta mchumba. Aliingia kukimbia mvua, na anayekimbia mvua hachagui mlango.

Ilikuwa Aprili 1998. Mvua za elinino zilikuwa zinaaga kila wiki na kila wiki zinarudi. Mto Mirongo ulikuwa umejaa maji meusi mpaka kwenye vizingiti vya maduka, na barabarani watu walirukaruka juu ya mawe, wanaume wamekunja suruali, wanawake wameshika vitenge vyao kwa mkono mmoja. Wauza mitumba walikusanya nguo chini ya maturubai huku wakisukumana. Duka la Bi Yasmin la kuchapa barua na kutoa fotokopi lilikuwa na bati refu kwa mbele, na chini ya bati hilo walikwisha kujibanza watu kumi na tano. Revocatus alikuwa wa kumi na sita, ndiyo maana akasukumwa mpaka ndani.

Ndani kulikuwa na simu ya mezani, kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na taipureta moja iliyokuwa ikilia bila kupumzika. Aliyeipiga aliitwa Ng'washi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, rasta zake amezifunga nyuma kwa utepe mwekundu, blauzi nyeupe, na sketi ya bluu ya mitumba iliyomkaa kama vile aliyeishona huko Ulaya alikuwa anamjua.

"Kaka, unadondoshea maji barua ya mtu," alisema bila kuinua macho.

"Samahani dada. Nimesukumwa."

"Wote husema hivyo. Una kazi ya kuchapa, au una mvua tu?"

Revocatus hakuwa na nia ya kuchapa kitu siku hiyo. Lakini alimwona yule msichana anavyovuta karatasi kutoka kwenye mashine, akafungua mkoba wake upesi na kutoa makaratasi aliyoyafunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Nina kazi," akasema.

Ng'washi akayapokea, akayapitia. Halafu akamtazama mwenyewe kuanzia juu. Shati la mistari limelowa, suruali ya kaki, uso mzuri wa mtu aliyelala vya kutosha, na chini kabisa kiatu cha kulia kilichokuwa kimeachama mbele.

"Hizi ni alama za mtihani? Sifuri nukta tatu, sifuri nukta sita. Wanafunzi wako wote wamefeli."

"Siyo wanafunzi, ni mitaa. Mimi niko mradi wa maji. Kuna mitaa minane huko milimani Mkuyuni, tumeanza kuihoji, na matangi ni matatu. Inabidi tuchague."

"Na mnachagua kwa nukta?"

Hapo Revocatus aliegemea kaunta, maana kama kuna kitu alichokipenda duniani kabla ya siku hiyo, ni hesabu hizo. Alizisomea miaka miwili nje, na tangu arudi hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza.

"Tukimuuliza mtu maji yako mbali kiasi gani, hawezi kukuambia mita mia saba na kumi. Atakuambia mbali kidogo. Sasa hiyo 'kidogo' utaiandika wapi? Zamani ilikuwa ama mbali ama siyo mbali, basi. Hesabu hizi zinakubali kwamba kitu kinaweza kuwa mbali kiasi. 'Mbali sana' tunaipa nukta moja, 'mbali kidogo' nukta nne, 'hapo tu' nukta nane. Namba ikiwa kubwa, hali yenu ni nzuri. Ikiwa ndogo, mna shida. Sisi tunaziita hesabu za ukungu."

"Ukungu kwa nini?"

"Ukisimama ufukweni asubuhi, ukungu umeshuka, unaweza kuniambia ziwa linaanzia wapi hasa?"

Ng'washi alifikiri. "Nikilowa miguu nitajua."

Nyuma ya pazia Bi Yasmin, mwenye duka, akacheka mpaka akakohoa. Revocatus naye akacheka, ingawa jibu lile lilikuwa na maana kubwa kuliko alivyolichukulia.

"Na haya mambo matano mnayoyauliza," Ng'washi akaendelea, kidole juu ya jedwali, "ubora wa maji, umbali, magonjwa, wingi wa watu, mwinuko wa mlima. Mnayafanyaje yawe namba moja?"

"Ndipo wataalamu wanapogombana. Ya kwanza ni wastani: unajumlisha, unagawa, zuri linalibeba baya. Ya pili unachukua ile ndogo kuliko zote, unaiacha iseme kwa niaba ya zote. Kati ya hizo mbili zipo nyingine nyingi. Injinia wetu kachagua wastani."

"Ngoja nikupime mwenyewe. Sauti, nukta nane. Adabu, nukta saba. Shati, nukta sita. Maneno, tusiseme." Akachungulia chini ya kaunta. "Kiatu, nukta moja. Kwa wastani umepita. Kwa njia ya pili umeanguka."

"Nimekuambia Injinia kachagua wastani."

"Bahati yako," Ng'washi akasema, akaingiza karatasi kwenye mashine.

Mvua ilikatika nusu saa baadaye na watu kumi na tano wakaondoka. Revocatus alibaki mpaka duka likafungwa.

Tangu siku hiyo simu ya duka ikawa inalia saa nne asubuhi.

"Halo, hapo ni kwenye fotokopi?"

"Ndiyo, karibu."

"Naulizia, mnatoa nakala ya tabasamu?"

"Tunatoa. Lakini mteja anakuja na la kwake."

"Nikija nalo, nitalikuta lako?"

"Itategemea na viatu ulivyovaa, Bwana Nukta."

Bi Yasmin, aliyezika mume mmoja na kuozesha mabinti wanne, alijua vizuri mteja wa fotokopi anaongea kwa muda gani. "Mwambie huyo," alikuwa akisema kutoka nyuma ya pazia, "bei haiulizwi dakika kumi na mbili." Lakini hakumnyang'anya Ng'washi simu hata siku moja.

Jumapili walitembea Kapripoint, kando ya ziwa, wakakaa juu ya jabali wakila sangara wa kukaanga kwa pilipili na ndimu. Revocatus alikwisha kununua viatu vipya. Alimwambia habari za kwao Bukoba, za baba yake mwalimu, za mkataba wake wa mradi ambao ukiisha vizuri utamfanya mtumishi wa kudumu. Ng'washi alimsikiliza akihesabu miiba ya samaki kwenye gazeti.

"Revo, unanipenda kiasi gani? Sema kitaalamu."

"Sifuri nukta tisa."

"Hiyo moja iliyobaki umemwekea nani?"

"Nimeuachia ukungu."

Akampiga begani, wakacheka. Siku hiyo Ng'washi alikuwa na furaha kabisa, na sioni sababu ya kumnyima furaha hiyo kwa kuwa najua yaliyofuata.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Ng'washi hakulisema kamwe. Kati ya ile mitaa minane, mmoja ni wao. Mawe Matatu, juu kabisa, ambako nyumba zimejishika kwenye majabali na njia inapita kwenye nyufa. Kisima chao ni kidimbwi nyuma ya mawe, kwenda na kurudi dakika arobaini ukiwa na miguu mizima. Tangu mvua zianze, vyoo vya juu vilikuwa vinamwagikia humo, na maji yakawa na rangi ya chai. Mwezi wa pili jirani yao Paskazia, mwanamke wa miaka thelathini na nne aliyekuwa akiimba kwaya, alibebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka kambi ya kipindupindu. Hakurudi. Mama yake Ng'washi, aliyekuwa na miaka hamsini na mgongo ulioanza kupinda, alikuwa anachota kwenye kisima kilekile mara mbili kwa siku. Tangi moja tu pale kwenye Mawe Matatu lingetosha kumpumzisha.

Lakini Ng'washi hakumwomba Revocatus kitu. Aliona aibu kumgeuza mpenzi kuwa mjumbe. Isitoshe aliamini mtaa wao hauhitaji kupendelewa. Waulizwe tu kama wengine wanavyoulizwa, wangeshinda.

Katikati ya Mei Revocatus akapiga simu. "Alhamisi niko huko kwenu kikazi. Nikimaliza nipite kumsalimia mama?"

"Uje kama nani?"

"Unataka nije kama nani?"

Ng'washi alizungusha waya wa simu kidoleni. "Njoo ule," akasema. Jioni akamwambia mama yake kwamba kuna mtu anakuja, na mama akaelewa mtu gani.

Alhamisi hiyo Mama Ng'washi aliamka kabla ya jogoo. Alishuka na ndoo mpaka kwenye bomba la chini karibu na soko la Mkuyuni, akapanga foleni, akapanda nayo mlima mzima, akipumzika kila penye jiwe la kukalia. Mgeni wa namna ile hapewi maji ya kisimani. Akayamimina kwenye mtungi mdogo, akaufunika kwa sahani ya maua. Halafu akavaa kitenge alichokivaa kwenye ndoa ya mwanawe wa kwanza.

Revocatus alifika saa tano badala ya saa tisa, mkoba begani umefungwa. "Nimeona nianzie kwenu," akasema. Alikula wali na samaki wa nazi, akasifu, akaongezwa. Alikunywa bilauri mbili.

"Maji yenu matamu, mama."

"Siyo mabaya sana, baba," mama akajibu kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. "Tunashukulu."

"Mnachota mbali?"

"Hapana, ni hapo tu."

"Na magonjwa, mvua hizi?"

"Mungu anatusaidia, baba. Kalibu, ongeza mboga."

Ng'washi aliyasikia yote akiwa mlangoni na sinia mkononi, akaona fahari. Ndivyo mama yake alivyo. Mwenye nyumba hayasemi vibaya maji aliyokwisha kumpa mgeni, itakuwa kama amemwambia amemnywesha sumu. Kila mtu anajua hivyo, Usukumani kote na hata nje yake. Wala Revocatus hakuwa ameshika kalamu. Alikuwa ameshika bilauri. Walikaa wakiongea mpaka jua likaanza kushuka ziwani, wakamsindikiza mpaka njia ya chini, na mkoba wake haukufunguliwa hata mara moja.

Wiki tatu baadaye Revocatus alipita dukani mbiombio, faili kwapani.

"Mpenzi, ripoti ya mwisho. Kikao Ijumaa. Nakala tatu, na viambatisho vyote. Niko mbio, Injinia ananisubiri kwenye gari." Akambusu vidole kwa siri chini ya kaunta, akaondoka.

Ng'washi alichapa mpaka mchana. Alichapa utangulizi, akachapa maelezo ya njia ya kuunganisha alama. Akafika kwenye viambatisho, fomu arobaini, tano kwa kila mtaa. Mawe Matatu ilikuwa ya mwisho.

Fomu namba 36. Mhojiwa, mwanamke, miaka hamsini hivi. Ubora wa maji: "Siyo mabaya sana," 0.7. Umbali: "Ni hapo tu," 0.8. Magonjwa: "Mungu anatusaidia," 0.7.

Akatabasamu kidogo kabla hajaelewa. Tarehe ilikuwa ya Alhamisi ile.

Akageuza fomu ya 37. Mwanamume, miaka arobaini. Siyo mabaya sana. Ni hapo tu. Ya 38, mwanamke mwingine, siyo mabaya sana. Alikuwa ni mama yake, tena na tena, amepewa majina ya majirani. Ng'washi aliwajua wote kwa sauti zao, na hakuna hata mmoja ambaye angeyasema maneno hayo kuhusu kile kidimbwi kwa mtu aliyekuja na karatasi.

Fomu ya 39. Mhojiwa, Paskazia, miaka thelathini na nne. Ubora wa maji: "Siyo mabaya sana."

Taipureta ikaacha kulia. Bi Yasmin aliposikia kimya kimezidi akatokeza kichwa kwenye pazia, akamkuta msichana amekaa wima, machozi yanamtiririka na hajayafuta.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Bi Yasmin, naomba simu."

Alizungusha namba ya mradi. Revocatus akapokea mwenyewe, sauti imejaa utani. "Mteja wangu, umemaliza?"

"Ndugu mtaalamu," Ng'washi akasema, "Paskazia ulimkuta nyumbani?"

"Paskazia gani?"

"Wa fomu ya thelathini na tisa. Ulikaa naye wapi? Alikukaribisha nini?"

"Ng'wa, sikiliza, niko njiani nakuja."

Alifika baada ya robo saa, jasho limeloanisha kola. Bi Yasmin hakwenda nyuma ya pazia. Alikaa kwenye kigoda chake akaanza kuzipanga karatasi za kaboni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Majina niliyatoa kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi," Revocatus alianza. "Nilitakiwa nihoji nyumba tano. Siku yenyewe ilikuwa ile ile ya kwenu. Nilikuja mapema nikijua nitakaa kidogo halafu niende kwenye kazi. Sikuweza kuondoka, Ng'wa. Nilikuwa na furaha. Jioni nikafika nyumbani na fomu tano tupu, na Injinia anazitaka asubuhi. Nikaona alichosema mama kinatosha, mtaa ni mmoja, maji ni yale yale."

"Siyo yale yale. Yale uliyokunywa mama aliyafuata sokoni alfajiri, akayabeba kichwani mpaka juu, kwa ajili yako. Ya kisimani hujayaona hata rangi."

Revocatus akakaa kwenye benchi la wateja.

"Kwenu Bukoba," Ng'washi akaendelea, "mama yako akimpa mgeni senene wa kukaanga, atamwambia wameoza?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulijua. Hukuhitaji kusomea. Ulijua mama anaongea na nani pale, na bado ukamwandika. Ulikunywa maji ya mama yangu kama mkwe, ukaenda ukayaandika kama karani."

"Sikukusudia ubaya."

"Paskazia amekufa mwezi wa pili. Kwa maji hayo hayo. Nawe umemfanya aseme siyo mabaya sana."

"Sikujua kama amekufa. Naapa sikujua."

"Ungejua kama ungebisha hodi."

Revocatus aliliangalia jedwali lililokuwa bado kwenye mashine. Mawe Matatu, sifuri nukta tano nne, nafasi ya nne kwa shida, na matangi ni matatu. Mtaa wa tatu ulikuwa na nukta nne tisa. Na hapo, kama ilivyo kwa watu wenye akili nyingi, akaona njia ya mkato.

"Ng'wa, ni namba moja tu," akasema kwa sauti ya chini, penseli mkononi. "Hapa kwenye ubora wa maji. Badala ya saba andika mbili. Wastani unashuka mpaka nukta nne nne. Mnaingia. Tangi linakuja kwenu, na hakuna atakayejua. Wewe ndiye unayechapa."

Msimhukumu Ng'washi upesi kwa kukaa kimya kwa muda mrefu. Kwa mawazo alimwona mama yake anapanda na ndoo, anapumzika kwenye kila jiwe. Kitufe cha mbili kilikuwa chini ya kidole chake cha kushoto. Na namba yenyewe ilikuwa ya kweli kuliko ile iliyoandikwa.

"Na mtaa wa tatu uende wapi?" akauliza mwishowe.

"Watasubiri awamu nyingine."

"Wao ulibisha hodi?"

"Wao ndiyo. Nyumba zote tano."

"Na Paskazia? Nimbadilishie maneno na yeye? Jana alisema siyo mabaya, leo aseme mabaya?" Akatikisa kichwa. "Nitachapa kama ulivyoandika, nukta kwa nukta. Halafu Ijumaa utasimama mbele ya Injinia wako useme ulichokifanya. Nakala ya kaboni ninayo. Sitaipeleka mimi. Nataka itoke mdomoni mwako."

"Watanifukuza."

"Ndiyo."

"Na sisi je? Mimi na wewe?"

Ng'washi alikwisha kurudisha macho kwenye mashine. "Nikikuhesabu kwa wastani bado unapita, Revo. Una upole, una elimu, unanichekesha, mama anakupenda. Lakini mimi siyo mradi. Mimi nahesabu kwa ile ndogo kuliko zote."

Akaanza kuchapa. Revocatus alikaa pale benchini mpaka ukurasa wa mwisho ukatoka, akachukua faili, akaondoka bila kuaga.

Ijumaa saa tisa alasiri simu ililia. Bi Yasmin akaipokea, akasikiliza, akampa Ng'washi.

"Nimesema," Revocatus akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Yote. Hata ya Paskazia."

"Wakasemaje?"

"Injinia Nathaniel alizitoa zile fomu tano, akazichana. Nimepewa barua. Mwisho wangu ni leo."

"Na Mawe Matatu?"

"Mtaa usio na fomu hauwezi kupangwa, Ng'wa. Hauna namba. Matangi matatu yamekwenda kwa wengine. Wanasema watatuma mtu mwingine awahoji upya wakati wa kiangazi, kwa ajili ya awamu ijayo. Mwakani, kama wafadhili wataendelea."

Ng'washi aliweka mkono wa simu mahali pake taratibu. Bi Yasmin alimmiminia chai, akamwekea mbele.

"Ungejua itakuwa hivi," akamuuliza, "ungeandika ile mbili?"

Ng'washi hakujibu, na mimi sitamjibia. Alikunywa chai hadi ikaisha, akavuta barua ya mteja aliyekuwa anasubiri.

Jumapili Revocatus alipanda Mawe Matatu peke yake. Hakuvaa viatu vipya. Alivaa vile vya zamani, cha kulia kimeshonwa mbele kwa uzi wa kamba. Alimkuta mama amekaa kwenye ngazi ya mlango, akamwamkia, akapewa marahaba yake, halafu akakataa kigoda. Akakaa chini akamweleza mambo yote tangu mwanzo, bila kujipaka mafuta. Ng'washi alisikiliza akiwa ndani, anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Mama akainuka, akaupita ule mtungi mdogo wenye sahani ya maua, akaenda kwenye pipa lililokuwa kona ya jiko. Akachota maji ya kisimani, yaliyochemshwa lakini bado na rangi yake ya chai, akampa kwa kikombe cha bati.

Revocatus akayatazama, akayanywa. Mchanga ulilia kwenye meno yake.

"Unayaonaje?" mama akauliza.

"Mabaya, mama."

"Mabaya kiasi gani?"

"Mabaya sana."

Mama akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Haya. Sasa umesema kama mtoto wa humu ndani." Akamshika bega, akaingia zake jikoni. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha, maana wa nyumbani hukosea, husema, na husamehewa.

Ng'washi ndiye aliyemsindikiza, kama desturi inavyotaka. Walishuka mpaka kwenye yale mawe matatu yaliyoupa mtaa jina lake. Chini yao mji ulikuwa wote wazi, mabati ya Mkuyuni, moshi wa viwanda kule Nyakato, na ziwa bila ukungu hata kidogo. Alikuwa amevaa gauni la njano la kanisani na kandambili, na mkononi ameshika ndoo tupu.

"Kesho kutwa napanda meli kwenda Bukoba," Revocatus akasema. "Kuna shule inataka mwalimu wa hesabu. Nikikaa sawa naweza kurudi. Mama amenipokea, umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Sikuulizi kama unanipenda. Nauliza tu, huo moyo wako, kwangu mimi, ukoje sasa? Niambie kwa namba yoyote. Hata nukta moja nitaichukua."

Ng'washi alimtazama usoni. Alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alisimama wima, akaweka mikono yote miwili juu ya mshikio wa ndoo, akajibu kwa ile sauti nzuri ya adabu ambayo mama yake huitumia kwa mtu aliyekuja mara moja na ataondoka.

"Siyo mbaya sana, kaka. Tunashukuru."

Safari hii Revocatus aliisikia ile adabu. Alimwinamia kidogo, kama mgeni anavyofanya akishaaga, akageuka kuteremka, na Ng'washi aliusikia ule uzi wa kiatu ukikwaruza mawe mpaka ukapotea.

Kisha akaitupia ndoo begani, akashika njia ya nyuma ya majabali. Jua lilikuwa bado lipo, na kisima kilikuwa hapo tu.